Harrier nyeusi yenye mikwaruzo: usikimbilie kupiga rangi

Mkuu, umesema Toyota Harrier yako nyeusi ikiwa kivulini inang'aa vizuri, ila ukiitoa juani boneti yote inajaa mikwaruzo midogo ya mviringo, mlangoni kuna mmoja unaoonyesha weupe chini, na fundi kakwambia dawa ni kupiga rangi upya. Usikubali haraka hivyo. Rangi ya kiwandani ukishaifunika ndiyo basi tena, na nyingi za mtaani zinapulizwa nje, vumbi likipita. Nimekaa na gari nyeusi miaka mingi hapa Dar na kazi hii naifanya mwenyewe uani.

Mikwaruzo hiyo iko kwenye kliya, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Kwa kawaida kliya ya kiwandani ni maikroni 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Kupolishi ni kuipunguza kliya mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo, kwa hiyo kila ukipolishi unaila kidogo. Ndiyo maana nasisitiza: anza na polishi laini kuliko zote ulizonazo.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina, usihangaike nao kwa mashine. Usiponasa, na ukiumwagia maji mkwaruzo ukapotea kwa muda, unatoka kwa polishi.

Kisha fungua boneti utafute kile kibati cha Toyota, palipoandikwa COLOR. Ukikuta namba ya rangi 202, hiyo ni nyeusi tupu isiyo na chengachenga, na inajulikana kwa ulaini. Inachubuka hata kwa taulo, lakini pia inakubali polishi haraka. Ukiingia na kampaundi kali, yaani polishi inayokwangua zaidi, utaiachia ukungu.

Osha gari, halafu vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi upapase rangi. Ukihisi vipele, ni uchafu ulioganda. Pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya sabuni. Udongo ukidondoka chini, tupa.

Sasa chagua kipande cha boneti, sentimita 40 kwa 40, ukizungushie utepe wa karatasi. Tumia mashine ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba. Ile inayozunguka tu kama grainda inachoma rangi mikononi mwa asiyeizoea, na kwenye nyeusi inaacha vivuli vinavyokimbiakimbia juani. Pedi laini ya sponji, matone matatu manne ya polishi, mwendo wa taratibu, pita kwa urefu kisha kwa upana. Fanya kivulini, rangi ikiwa baridi kwenye kiganja. Kingo za boneti na mikunjo ya milango zifunike kwa utepe, maana hapo kliya ni nyembamba zaidi. Bampa ni plastiki, inashika moto upesi, usikae sehemu moja.

Ukimaliza kile kipande, kifute kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha kimulike kwa tochi ya simu. Hatua hii wengi wanairuka. Polishi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo, ukidhani imetoka kumbe imejificha, wiki mbili baadaye imerudi yote. Hiyo ndiyo "polishi" wanayokuuzia wengi wa sehemu za kuoshea magari. Kama bado ipo, rudia kwa pedi ngumu kidogo na polishi ileile. Kampaundi iwe ya mwisho kabisa. Ukishapata kinachofanya kazi, ndipo uende gari zima, halafu upake nta.

Mikwaruzo michache itabaki, iache. Kliya unayoiokoa leo utaihitaji miaka ijayo.

Usipobadilisha uoshaji utarudi palepale. Sponji lililofuta matairi ndilo linalopanda kwenye boneti, na mchanga wake. Nunua vitambaa vyako vya maikrofaiba, ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, na shampuu ya gari badala ya sabuni ya unga, ambayo inaondoa nta yote. Vumbi kavu usilifute kabisa, hata kijana wa foleni akija na kitambaa, mkatalie kwa upole.

Ule mkwaruzo wa mlangoni unaoonyesha weupe chini hautoki kwa mashine. Chukua namba ya rangi kwenye kile kibati, wakuchanganyie chupa ndogo, dondoshea rangi ndani ya mkwaruzo kwa kijiti cha kiberiti, tabaka jembamba jembamba, kila moja likauke kwanza.