Waulizao Jikoni: Shawarma, samuni na karai lililopinduliwa

Nauza shawarma ya kuku Kondele. Nje nyama inaungua, ndani bado mbichi. Jioni inayobaki ni ngumu kama kamba. Niongeze moto? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Punguza moto, na upunguze mzigo. Kwenye masoko ya Wakurdi kule Erbil au Sulaymaniyah, kaskazini mwa Iraki, mshikaki unaweza kunenepa kwa sababu wateja hawakatiki, kisu kinafuata moto. Ukiuza shawarma 20 mchana, kila moja gramu 120, umetumia kilo 2.4 tu. Mshikaki wa kilo 10 utakaa hapo ukikauka. Panga wa kilo 3 mchana, na mwingine wa jioni usubiri kwenye friji.

Tumia mapaja yasiyo na mifupa. Kidari kina mafuta kidogo na ndicho hukauka kwanza. Yafungue yawe na unene wa sentimita 1 hivi. Kwa kilo 3: chumvi gramu 45, maziwa mala mililita 300, ndimu 3, kitunguu saumu gramu 40, jira na giligilani za kusaga vijiko vikubwa viwili viwili, mdalasini na iliki kijiko kidogo kimoja kimoja. Saa 12 kwenye friji zatosha. Ukipitisha siku nzima, ndimu huilegeza nyama hadi inavunjikavunjika.

Unapotunga vipande kwenye chuma, geuza kila kimoja upande tofauti, weka ngozi kila baada ya vipande vitano, na ukandamize kwa nguvu. Nafasi ya hewa katikati ndiyo inayoacha ubichi. Juu pawe papana kuliko chini ili mafuta yateremke.

Washa moto wa wastani saa moja kabla ya mteja wa kwanza. Kata tabaka lililoiva peke yake, jembamba, kisha ulimalizie kwenye kikaango hadi nyuzi 74 za Selsiasi. Hatua hii wengi huiruka, na kuiruka ndiko kunakoumiza matumbo. Umeme ukipotea, zungusha chuma kwa mkono. Usiku usiache nyama kwenye chuma uiwashie tena asubuhi: kata yote, iive kabisa, iingie kwenye friji.

Mtungi wa gesi wa kilo 13 utadumu saa ngapi? (Huyo huyo)

Kichomeo cha kilowati 2.5 hula takriban gramu 200 kwa saa. Viwili vikiwaka pamoja, hesabu saa 32. Upepo wa barabarani huyumbisha moto na gesi ikaenda bure, kwa hiyo kinga kwa bati, ila usizibe matundu ya hewa.

Samuni yangu (mkate wa hamira wa Iraki) huumuka vizuri halafu inanywea kwenye oveni. Kanuni niliipata kwa mpishi wa Erbil. (Msomaji, Section 58, Nakuru)

Erbil iko mita 400 hivi juu ya bahari, Nakuru zaidi ya 1,800. Hewa ni nyepesi, gesi ya hamira hutanuka upesi, na unga unachoka kabla ya kufika motoni. Punguza hamira kwa robo na uache kuangalia saa: kinyunya kikifikia ukubwa wa mara moja na nusu ya mwanzo, kinatosha.

Kwa unga wa ngano gramu 500: maji mililita 330, hamira kavu gramu 4, sukari gramu 10, chumvi gramu 9, mafuta vijiko viwili. Kanda dakika 10, uache kiumuke hadi kipimo hicho. Gawa vinyunya sita, vuta ncha mbili kila kimoja kiwe kama mtumbwi, vipumzike dakika 20. Trei iwe imeshapata moto wa nyuzi 240. Tia kikombe cha maji ya moto kwenye trei ya chini ili mvuke ulainishe ganda. Dakika 12 hadi 14.

Sina oveni. Chapati itafaa kwa shawarma? (Msomaji, Kakamega)

Chapati ya mafuta ni tamu kwa maharagwe. Ikipoa na kukunjwa hupasuka. Wakurdi wana mkate mwembamba usio na hamira, nanî tîrî, unaookwa juu ya chuma chenye mgongo. Pindua karai safi juu ya jiko la makaa. Unga gramu 500, maji mililita 300, chumvi gramu 8. Pumzisha nusu saa, sukuma uone kivuli cha mkono, choma sekunde 30 kila upande. Utatoka mkavu. Unyunyizie maji, uufunge kwa kitambaa dakika 10, ndipo ukunje.