Gramu 150 hazisemi kitu mpaka ujue urefu

Umeuliza kama perege wako wa gramu 150 wamekonda. Kwa uzito peke yake huwezi kujibiwa. Perege wa gramu 150 mwenye sentimita 20 yuko vizuri. Mwenye gramu hizohizo na sentimita 23 utamwona kichwa kikubwa, tumbo limebonyea, mgongo umechongoka.

Tumia K ya Fulton, namba inayoonyesha unono wa samaki kwa urefu wake: uzito kwa gramu mara 100, gawanya kwa urefu wa sentimita uliozidishwa wenyewe mara tatu. Wa kwanza: 15,000 ÷ 8,000 = 1.88. Wa pili: 15,000 ÷ 12,167 = 1.23. Huyo wa pili ana tatizo.

Makosa mengi yako kwenye urefu, kwa sababu unazidishwa wenyewe mara tatu. Samaki wa sentimita 20 ukimsoma 19.5, K inaruka kutoka 1.88 hadi 2.02, amenona kwenye karatasi tu. Mlaze ubavu kwenye ubao uliolowa, mdomo umefungwa na umegusa kizuizi cha sifuri, halafu usome urefu. Amua tangu mwanzo: urefu wote mpaka ncha ya mkia, au mpaka pale nyama inapoishia na pezi la mkia kuanza. Huyo wa sentimita 20 akiwa na 16 bila mkia, K yake inakuwa 3.66. Watu hulinganisha namba zao na za wengine bila kuuliza hilo, kisha wanabadilisha chakula bure.

Kwa uzito, weka ndoo yenye maji kwenye mizani, irudishe sifuri, mtie samaki. Mchuje maji kwanza kwenye wavu. Mizani inayoruka gramu 5 kwa 5 haifai kwa vifaranga. Usipime baada ya kulisha, na jike mwenye mayai mwandike pembeni: mayai yanapandisha K bila nyama kuongezeka.

Usilinganishe spishi. Kambale wa sentimita 30 na gramu 200 ana K ya 0.74 na hajakonda, umbo lake ndilo refu.

Hata ndani ya spishi moja kuna mtego. Fulton anachukulia uzito unakua kwa kipeo cha 3 cha urefu, lakini kipeo halisi mara nyingi huwa kati ya 2.5 na 3.5. Kikizidi 3, wakubwa wataonekana wanono kwa ukubwa wao tu. Ukiwa na vipimo vya kutosha, vya wadogo mpaka wakubwa, chora logi (logarithi) ya uzito dhidi ya logi ya urefu. Mwinuko wa mstari ndio kipeo chako. Kisha gawanya uzito halisi kwa uzito ambao mstari unautarajia, kama mtafiti wa samaki Le Cren alivyofanya mwaka 1951. Aliye chini ya 1 ni mwepesi kuliko wenzake wa urefu huo.

Na samaki wa kupima wavute kwa nyavu pande zote za bwawa. Ukiwaita kwa chakula, wanaokuja kwanza ni wale walioshiba siku zote.