Kuoga maji baridi alfajiri ili mwili uwe mgumu, kuna thawabu?

SWALI: Assalaam aleikum sheikh. Niko Pangani, nina pumu toka utotoni. Tangu mwezi wa sita naamka saa kumi alfajiri naoga maji baridi, natembea bila sweta, na juzi nilifunga siku mbili mfululizo bila kufuturu, nataka mwili uzoee shida. Ustadh mmoja kwenye video anasema ukiumia zaidi thawabu nazo zinazidi, na anayetawadha kwa maji moto amejipunja. Mama hunichemshia maji, mimi namwaga. Wiki jana kifua kilibana mpaka nikalazwa. Niendelee?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Pole sana. Swali lako limeninyima usingizi, maana vijana wengi hapa Nairobi wanabeba maneno hayo hayo.

Kuuzoeza mwili shida si vibaya. Muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Allah, na Mtume (s.a.w) aliwaamuru maswahaba wakati mwingine watembee pekupeku. Funga Jumatatu na Alhamisi, panda Ngong Hills, lala chini ukitaka.

Lakini huyo ustadh, Allah amsamehe, amechanganya mambo. Anashika hadithi ya kukamilisha udhu wakati ni uzito, na ile Bi Aisha aliambiwa ujira wa umra yake ni kwa kadiri ya taabu yake. Sawa, ni hadithi sahihi, lakini hiyo ni taabu imekuja na ibada yenyewe, huwezi kuikwepa, kwa hivyo unasubiri na unalipwa. Nani alisema uende kuitafuta? Sahaba mmoja, Abu Israil, aliweka nadhiri asimame juani, asikae, asiongee, na afunge. Mtume akasema aongee, aingie kivulini, akae, saumu yake aimalize. Ona alichoachiwa ni saumu peke yake, yale mateso mengine yote yakafutwa, sasa kama maumivu yenyewe ndiyo thawabu mbona alinyang'anywa? Na mzee aliyekuwa akiburutwa na wanawe wawili kwa sababu ameapa kutembea, Mtume alisema Allah hana haja na huyu kujitesa, akaamrishwa apande mnyama. Bi Aisha mwenyewe ndiye ametusimulia kwamba Mtume akipewa mambo mawili huchagua jepesi, maadamu si dhambi. Maji moto ya udhu hayapunguzi chochote.

Na kuunganisha saumu bila kufuturu Mtume alikataza waziwazi. Hiyo acha leo.

Kuhusu pumu yako, baridi ya Julai hapa kwetu si mchezo. Maji baridi ya ghafla yanakata pumzi hata ya mtu mzima wa afya, moyo unapiga mbio, presha inapanda, sembuse wewe. Sahaba Amr bin Al-Aas alipata janaba, hali inayolazimu kuoga, usiku wa baridi kali vitani, akaogopa kuoga, akatayamamu, yaani akajitwaharisha kwa udongo badala ya maji, na kuswalisha, akatoa hoja ya aya, "wala msijiue". Mtume alicheka, hakumlaumu. Huyo lake lilikuwa josho la faradhi kabisa, la lazima, wewe lako si la lazima.

Kinachoniuma zaidi ni ile sufuria. Mama ameamka kabla yako, gizani, amewasha jiko kwa sababu ya kifua chako, na wewe unamwaga ukidhani unamkaribia Mola. Radhi za Allah unazitafuta mbali, ziko jikoni. Kesho alfajiri chukua yale maji, ogea, umwombe msamaha. Inhela iwe mfukoni, urudi kwa daktari umuulize mazoezi gani kifua kinayaweza, uanze hayo polepole.