Nyumba yangu ya Sinza iliposhuka bei

Mwaka 2014 nilinunua nyumba Sinza, Dar es Salaam. Vyumba vitatu, kimoja masta, na fensi. Nusu ilikuwa akiba yangu, nusu mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 17. Mpangaji wa kwanza alikuwa mtumishi wa wizara, mtu mstaarabu, akilipa 900,000 kwa mwezi, na analipa miezi sita kwa mkupuo. Nikajiona nimeshakuwa mwekezaji.

Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali inahamia Dodoma, jambo lililoamuliwa tangu 1973 na wengi wetu tulishalizoea kama hadithi. Mwaka uliofuata mpangaji wangu akapakia makochi kwenye Fuso, akanikabidhi funguo na namba ya mita ya LUKU kwenye kipande cha daftari, akaaga.

Dalali akaniletea mtu wa 700,000. Nikaona natukanwa, nikakataa.

"Bosi, hiyo laki tisa ilikuwa ya mwaka juzi," akaniambia.

Nyumba ikakaa tupu miezi minne. Sasa piga hesabu ambayo mimi sikuipiga: laki saba mara nne ni milioni 2.8. Laki mbili nilizokuwa nazipigania, kwa mwaka mzima, ni milioni 2.4. Yaani hata baada ya miezi hiyo minne angetokea mtu wa laki tisa akakaa mwaka, bado ningekuwa nimepata hasara. Na hakutokea. Nilimpangisha mwalimu kwa 650,000, huku rejesho la benki nikilitoa kwenye mshahara.

Kipindi hicho nilikwenda kwa mzee mmoja wa Magomeni mwenye nyumba kadhaa za kupangisha. Nikaanza kumlalamikia kwamba nyumba niliyonunua milioni 180 sasa hakuna anayefika 140. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani unauza?" Siuzi. "Benki wanataka ngapi kwa mwezi, na kodi inaingia ngapi?" Ile milioni 180 hakuigusa kabisa. Kwake bei ya nyumba ina kazi siku unayouza na siku unayokwenda kuomba mkopo kwa hati ya nyumba hiyo. Siku nyingine zote anaangalia kodi. Nikagundua kuwa kilichokuwa kinaninyima usingizi ni rejesho, wala si soko. Kama unanunua kwa mkopo, jiulize kabla ya kusaini: kodi ikipungua kwa theluthi, na nyumba ikikaa tupu miezi mitatu, nitalipa kwa kutumia nini?

Kuna kushuka kwingine ambako hakusubiri tangazo la rais. Jengo linachakaa. Marekani sheria ya kodi ya mapato inamruhusu mwenye nyumba ya kupangisha kugawa gharama ya jengo kwa miaka 27.5 na kuihesabu kama uchakavu, lakini ardhi haimo. Hata fundi wa mtaani anakubaliana na hilo: kiwanja cha Sinza kipo palepale, kinachokwisha ni kilichosimama juu yake. Kwangu ulianza ukuta wa jikoni. Rangi ikavimba kama mkate uliolowa, ukiigusa inamwagika unga mweupe. Chumvi. Aliyejenga alitumia mchanga wa pwani, akaokoa tripu chache za lori. Siku hizi natenga kodi ya mwezi mmoja kila mwaka kwa ajili ya matengenezo, iwe kuna kilichoharibika au hakuna.

Ila kuna hasara ambayo subira haiitibu. Waliojenga kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, mwaka 2017 walivunjiwa nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande. Hapo hakuna kusubiri soko lipande. Ndiyo maana siku hizi nikionyeshwa kiwanja, vigae na sebule naviacha kwanza. Nauliza hati, ramani ya mipango miji, na maji ya masika yanapita wapi.

Rafiki yangu aliuza nyumba yake kwa hasara mwaka huohuo 2017, akanunua viwanja viwili Dodoma. Tulimcheka. Leo simcheki tena. Hakuuza kwa hofu. Alijiuliza kama angekuwa na fedha hizo taslimu mkononi angenunua nyumba ileile kwa bei ya siku hiyo, akajijibu hapana. Mimi nilijiuliza swali hilohilo kuhusu Sinza nikajibu ndiyo, kwa sababu ya kiwanja na kituo cha daladala kilicho jirani. Nikabaki nayo.

Mwalimu bado yupo, kodi tumeipandisha mara mbili kwa maelewano. Jumamosi fundi anakuja kubandua plasta yote ya jikoni. Nimemwambia mchanga uwe wa mtoni, na lori likifika asishushe kabla sijauonja.