Mwanga wa kasia si mwanga wa viputo

Umesema mwanga unaoonekana usiku ukichovya kasia pale pwani ya Shela ni wa viputo vya maji. Hapana ndugu yangu, kinachowaka pale ni vijidudu vya baharini, huwaka wakitikiswa. Mwanga wa viputo ni mwingine kabisa. Wanasayansi Frenzel na Schultes waliugundua Ujerumani mwaka 1934: sauti kali isiyosikika na sikio hupitishwa majini, kiputo hutanuka, kisha maji hukibana ghafla mpaka hewa iliyomo hufikia joto la maelfu ya digrii na kutoa mwanga. Muda wake haufiki hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde!

Hata baharini mwanga huu wa viputo upo: ukipiga mbizi ukasikia ta! ta! ta!, huyo ni kamba mdogo mwenye gando moja kubwa. Akilifunga, hutokea kiputo, nacho kikibanwa hutoa mwanga. Ulipimwa 2001, ila jicho letu haliuoni.