Bakshishi Nono Hununua Huduma Bora?

SWALI: Kila nikila mkahawani huacha bakshishi kubwa, lakini nikirudi nahudumiwa kama mgeni. Fedha zangu zinaishia wapi?

JIBU: Bakshishi hutolewa chakula kikiwa kimeshaliwa, kwa hiyo mlo wa siku hiyo haiuongezei kitu. Kazi yake ni kukumbukwa. Ili ukumbukwe, lazima ukae tena kwenye meza za mhudumu yule yule, ajue aliyetoa ni wewe, na fedha imfikie. Likikosekana moja, umefanya wema tu.

Mara nyingi tatizo liko kwenye hilo la mwisho. Mikahawa mingi hukusanya bakshishi za zamu nzima na kuzigawa. Wahudumu wakiwa wanane na wakigawana sawa, katika kila 100 uliyoacha wako anapata 12.50. Inayolipwa kwa kadi huweza kumfikia pamoja na mshahara, siku nyingi baadaye, wala hajui ilitoka meza gani. Ukiona mstari wa ada ya huduma kwenye bili, muulize mhudumu kama inawafikia. Si swali la aibu: Uingereza ilibidi itungwe sheria, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, ya kuwalazimu waajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila makato.

Halafu wahudumu wenyewe wanajua kwamba wateja hawalipi kwa ubora. Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyetafiti bakshishi kwa miaka mingi, alikuta uhusiano kati ya ubora wa huduma na kiasi kinachoachwa ni hafifu sana. Katika jaribio moja lililochapishwa 2002, ambalo naye alishiriki, meza zilizoletewa bili tupu ziliacha bakshishi ya karibu asilimia 19 ya bili. Mhudumu alipompa kila mlaji peremende moja, akageuka kuondoka, kisha akarudi na kuongeza ya pili, ilifika karibu asilimia 23. Chakula hakikubadilika hata chembe! Anayeona hayo kila siku hawezi kuisoma bakshishi yako kama alama za mtihani.

Basi toa mkononi, taslimu, ukimshukuru kwa jambo mahususi alilofanya. Asilimia 10 katika kila ziara, mara tano, itakujengea sura kuliko asilimia 50 ya siku moja. Uliza jina lake na zamu zake, na unapoweka nafasi omba meza yake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau, kisha humlaumu mhudumu asiyewahi kuwaona.

SWALI: Je, nitoe kabla ya kuagiza?

JIBU: Kama mko wawili na mnakula haraka, hapana, mtamtia mashaka tu. Kwa kundi la watu kumi watakaokaa saa tatu, inafaa. Mpe pembeni nusu ya ulichokusudia, umwambie nusu nyingine ni mwishoni, na utaje unachotaka: vinywaji visikatike, sahani zote zitoke pamoja. Usipotaja, atakisia, na huenda akawasumbua kwa kupita mezani kila dakika mbili.

SWALI: Chakula kikichelewa, nikate bakshishi?

JIBU: Kwanza jua aliyekosea. Vinywaji vikija upesi na chakula kikachelewa lakini kikafika kikifuka moshi, foleni ilikuwa jikoni. Sahani ikiwa ya moto huku mchuzi umefanya utando juu, chakula kilikuwa tayari kikasubiri kubebwa. Hapo mhudumu anahusika, ingawa hesabu kwanza meza alizopewa. Mwenye meza kumi hana mikono ya ziada, hata umpe nini. Kosa likiwa lake, mwambie papo hapo, angali na nafasi ya kurekebisha. Ukikata kimyakimya, atakuona mchoyo, na kosa halitajulikana.