Usimwokoe Mume Kwenye Sura ya Mwisho

Wiki iliyopita dada mmoja aliyesoma kitabu changu, hadithi ya Mama Yona na mumewe Baba Yona anayempiga, kanitumia ujumbe, nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Kitabu nimekisoma usiku kucha mpaka nikachelewa kazini. Ila umeniumiza. Kwa nini Baba Yona hakuokoka? Au huamini kwamba Mungu anaweza?"

Amina, dada. Naamini sana. Na kwa kuwa najua wengi wenu mna hadithi zenu kwenye madaftari, au mnazirusha kipande kipande kwenye magrupu ya WhatsApp, nitajibu kwa kirefu. Siku mtakapoandika habari za mume anayepiga, swali hili mtaulizwa na nyie.

Hadithi zetu za Kikristo huwa zinalimaliza jambo hili kwa njia moja. Mume mlevi, anapiga. Mke anafunga na kuomba. Mama mchungaji anamtia moyo avumilie. Mkutano wa injili unakuja uwanjani, mume anakatiza pale akitoka kilabuni, neno linamchoma, anaanguka mbele ya madhabahu akilia. Sura ya mwisho wanashuhudia wote wawili, mke kavaa kitenge kipya. Sisemi haitokei. Lakini hadithi zote zikiishia hapo, msomaji anayepigwa leo anaondoka na somo moja tu: mume wangu hajabadilika kwa sababu mimi sijaomba vya kutosha.

Haya sikuhadithiwa. Mume niliyefunga naye ndoa hakuwahi kuonja hata bia. Alikuwa mzee wa kanisa, mwombaji, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Biblia yake ilikuwa ya zipu, na kwenye Waefeso 5 alikuwa amepigia mstari aya ya 22 kwa biki nyekundu, akarudia tena na tena mpaka karatasi ikachanika. Aya ya 25, "Enyi waume, wapendeni wake zenu," haikuwa na hata nukta. Akimaliza kunipiga tulisali. Yeye ndiye aliyeongoza, mimi kazi yangu kuitikia "Amina" kwa sauti ya kusikika.

Watu huniuliza ilikuwaje kanisani wasijue. Joho la kwaya, ndugu zangu. Lina mikono mirefu na kola inafika kooni. Nililivaa nikiwa bado nyumbani, nikapanda nalo daladala, wenzangu wakadhani ni moto wa huduma. Nilisifiwa hadharani kwa kutokosa ibada.

Nilimwendea mchungaji wetu wa wakati ule. Akanisikiliza vizuri tu, kisha akanifungulia Mithali 14:1, mwanamke mwenye hekima hujenga nyumba yake, akaniuliza mume akirudi kazini huwa nampokeaje. Halafu akampigia simu palepale, mimi nimekaa. Nilitoka ofisini nikijua kabisa kinachonisubiri.

Hapo katikati naruka, hapana faida kwenu. Aliyenitoa ni shangazi yangu. Alituma nauli, akasema: "Njoo na watoto, nguo tutanunua." Maombi tulifanya baadaye, tumeshakula.

Ndiyo maana niliposhika kalamu, Mama Yona hakurudi. Duka moja la vitabu vya kanisa lilipokea maboksi yangu kwa furaha, kisha likanipigia simu nikayachukue: "Mama, kitabu chako kinavunja ndoa." Ndoa inavunjwa na ngumi, wao wamekiona kitabu! Nimesamehe. Nimesamehe, ila nikipita ile barabara naangalia upande wa pili.

Sasa ushauri. Tenganisheni kusamehe na kurudi, hilo ndilo kubwa. Someni 1 Samweli. Sauli anamrushia Daudi mkuki ndani ya nyumba, Mikali anamtelemsha mumewe dirishani, Daudi anakimbia. Baadaye anapata nafasi ya kumuua Sauli mara mbili na hamgusi. Huo ni msamaha. Sura ya 26 Sauli anakiri kwa kinywa chake kwamba amekosa, anamwita mwanangu, anamwambia arudi. Daudi anafanya nini? Hata mkuki wa Sauli aliokuwa ameuchukua usiku hampelekei mwenyewe. Anasema aje kijana mmoja auchukue. Kisha anashika njia yake, na sura inayofuata yuko kwa Wafilisti. Sijawahi kusikia mhubiri akimwambia Daudi angerudi ikulu akavumilie. Mbona Mama Yona anaambiwa?

Pili, mtoeni mume pombe. Mlevi ni rahisi kumwandika, na anampa msomaji mahali pa kujificha: "Wangu hanywi, kwa hiyo haya siyo yangu." Mwandikeni anayefunga Jumatano na kuhubiri Jumapili. Aprili 2022 alipofariki Osinachi Nwachukwu, mwimbaji wa injili wa Nigeria ambaye nyimbo zake tuliziimba mpaka huku, wengi walishangaa. Aprili 2025 mahakama ya Abuja ikamhukumu mumewe adhabu ya kifo. Watu wa Mungu, mambo haya yako kwetu, tena karibu na kipaza sauti.

Tatu, jueni mambo yanavyokwenda. Nasoma hadithi mtu kavunjwa mkono, anakwenda hospitali, anafungwa plasta, basi. PF3 iko wapi? Fomu hiyo inatoka polisi, daktari anaijaza, inarudi polisi, nayo ni ushahidi. Nendeni mkaongee na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Someni Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata mila ikisema vingine. Na kwa Wakatoliki, kanuni ya 1153 ya sheria za Kanisa inamruhusu kuondoka mtu ambaye mwenzake anamhatarisha mwili au roho. Mhusika wenu akilijua hilo, msomaji naye kalijua.

Nne, narudia, msimwokoe mume ili mpate mwisho mtamu. Kama Roho anawasukuma aokoke, aokoke akiwa kwake na mke akiwa kwake, na toba yake izae matunda kama ya Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Alipe ada za watoto. Aende kituoni mwenyewe akaseme alichofanya. Machozi ya madhabahuni hata Sauli aliyatoa, sura ya 24, na baada ya hapo akatoka tena na watu 3,000 kumsaka mtu yuleyule. Nyie mnaoandika mnaujua uzito wa kalamu, msimpe mke wa watu matumaini ambayo nyie wenyewe msingeyalalia usiku mmoja.

Yale maboksi yaliyorudishwa yalikwisha kwa kinamama wa vikoba, wengine wakachukua nakala mbili, ya pili ya binti. Mchungaji wangu wa sasa ameniomba nakala za semina ya wanandoa. Wazee wawili walikaa nyuma wamekunja mikono, lakini walikaa mpaka mwisho. Anayekitaka aniandikie, nitamtumia kwa basi. Kwenye lile duka msikiulizie, hawakiuzi.